Yule Mlevi wa Jumatano

Jina la Dodosa alipewa na mama yake mzazi, na halikuwa jina la sifa. Alipokuwa mdogo aliweza kumkalia mgeni aliyekuja kutoa pole na kumuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini, nani alijua kwanza, na kwa nini hawakumpeleka hospitali mapema, mpaka mgeni anaacha chai nusu kikombe na kuaga. Mama alikuwa akisema mtoto huyu anadodosa kama askari wa upelelezi. Jina likaganda. Lilimfuata shuleni, likamfuata kwa mumewe, na alipoajiriwa kwenye kituo cha kupokea simu za dharura, ambako hakuna aliyemjua, wenzake hawakumaliza hata wiki kabla ya kulivumbua upya wao wenyewe.

Kazi ilimkaa vizuri. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya banda la magari ya zimamoto, na kila gari lilipowashwa chini yao glasi za maji zilitetemeka mezani. Wapokeaji walikaa wameelekeana, kila mmoja na hedifoni kichwani na skrini mbele yake, wakiuliza yale yale siku nzima: uko wapi, kumetokea nini, kuna aliyeumia? Dodosa alilipwa mshahara kwa kuuliza maswali. Mume wake alikuwa akiwaambia watu kwamba mke wangu amepata serikali inayomlipa kwa ugonjwa wake.

Bila shaka si kila simu ilikuwa ya kweli. Watoto walipiga ili wasikie tu sauti ya mtu mkubwa. Mama mmoja alipiga kila umeme ulipokatika, kuuliza kama na wao umekatika. Na alikuwepo mtu mmoja ambaye chumba kizima kilimwita mlevi wa Jumatano.

Alipiga Jumatano tu, mchana, muda ambao watu wameshiba na usingizi unawanyemelea. Sauti ilikuwa ya kiume, nzito, inayovutwa kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Irabu zilitoka ndefu, konsonanti zikapotelea njiani, na katikati ya maneno pumzi ikawa inakwama. Utaratibu wa kituo ulikuwa wazi: mpigaji asiyeeleweka aulizwe tena mara moja au mbili, kisha simu ikatwe ili laini ibaki wazi kwa wenye shida. Aliyekuwa akikaa mkabala na Dodosa walimwita Bwana Ifuatayo, kwa kuwa kila akikata simu ya mzaha alisema "ifuatayo" kama karani wa dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa akimpata mlevi mara nyingi. Alikuwa akishusha hedifoni shingoni na kuutangazia umma kwamba leo jamaa kaanza mapema, au kwamba leo kazidisha kipimo. Watu wakavunjika mbavu. Dodosa naye alicheka, kwani utani wa Bwana Ifuatayo ulikuwa mzuri kweli.

Siku moja simu ikamwangukia yeye. Aliuliza maswali ya kawaida, akajibiwa kwa ule mburuto, akakata kama ilivyotakiwa. Lakini baada ya kukata akabaki ameshika tama. Kitu kilikuwa kimemwingia sikioni na kinakataa kutoka. Mlevi, kwa jinsi alivyowajua walevi, leo atakwambia mke kamkimbia, kesho atakuimbia. Huyu alikuwa amesema jambo lile lile mara mbili, kwa mwendo ule ule, kama mtu anayesoma bango. Halafu hakukasirika alipokatwa. Na nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyundo: ko, ko, kimya, ko, ko. Sasa ni mlevi gani anayekumbuka siku, anayefanya kazi ya nyundo akiwa amelewa, na bado vidole vyake vizima?

Alikwenda kwa msimamizi wa zamu, mama mtu mzima ambaye miwani yake ilining'inia kifuani na hakuna aliyewahi kumwona ameivaa. Msimamizi alimsikiliza huku akisaini kitu kingine. Akamwambia kwamba namba ile tayari alikuwa ameipendekeza ifungwe, maana kila dakika ya mlevi ni dakika ya mtu anayeungua. Dodosa aliomba aruhusiwe kwanza kusikiliza rekodi za simu za nyuma za mtu yule. Msimamizi alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumkatalia, asipaone. Akampa wiki moja.

Wakati wenzake wakienda kula, Dodosa alibaki na rekodi. Alizisikiliza mpaka akazijua kama wimbo. Yalikuwa ni maneno ya mafungu matatu, daima matatu, kisha kishindo kidogo cha pumzi kilichofanana na kicheko. Alipoachana na konsonanti na kufuata irabu peke yake, akaanza kuona njia. Fungu la mwisho lilikuwa i na o, halafu a, a, a. Alitembea nalo mpaka nyumbani. Alikuwa anaosha vyombo, analirudia kwa sauti, mama yake, aliyekuwa amekuja kuwasalimu, akauliza kutoka sebuleni kama mwanawe ameng'olewa jino.

"Mama, nikikwambia i-o, a-a-a, unasikia nini?"

Mama alisema anasikia mwari anayekataa mchumba: a-a, a-a. Kisha, kwa kuwa na yeye hakuwa mbali na mwanawe kwa tabia, akalijaribu mdomoni. "Nipo salama," alisema. "Si ndiyo salamu ya watu wote kwenye simu? Nipo salama."

Dodosa aliiacha sufuria ndani ya povu. Nipo salama. Sasa mtu anapiga simu ya dharura kusema yupo salama? Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka, na mafungu mengine mawili yakaingia yenyewe. La kati: a-a-i-u, i-u. Najaribu simu. La kwanza lilimchelewesha, labda kwa kuwa hakulitaka. I-i, i, e-i. Alipolipata alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mikono inachuruzika maji.

Mimi si mlevi. Najaribu simu. Nipo salama.

Jumatano iliyofuata aliwaomba wenzake wote wamwachie namba ile. Bwana Ifuatayo alimtakia heri na ndoa yake mpya. Simu ilipoingia, Dodosa aliikandamiza hedifoni sikioni. Hakuuliza uko wapi wala kumetokea nini.

"Ndugu yangu, nakusikia," alisema. "Wewe si mlevi. Unajaribu simu. Upo salama. Nimekosea?"

Nyundo ilinyamaza. Halafu yule mtu akacheka, kicheko cha tumboni kisicho na kasoro yoyote ya matamshi, na baada ya kicheko akaanza kuzungumza, maneno mengi, mapya, kwa haraka. Dodosa hakuelewa hata moja. Ilimbidi amwambie hivyo. Alimwomba agonge mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana, na kwa njia hiyo ya nyundo walikubaliana kwamba anaweza kusoma na kuandika, na kwamba hatachukia akiandikiwa na Dodosa kwa simu yake mwenyewe wakati wa mapumziko. Hilo halikuwa kwenye utaratibu wa kituo. Alijua, na baadaye alimwambia msimamizi mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine.

Jibu la ujumbe lilikuja bila kosa la herufi. Aliandika kwamba yeye ni fundi wa makochi, karakana yake iko nyuma ya ghala la saruji, na kwamba alizaliwa na mtindio wa ubongo, hivyo ulimi wake na miguu yake huwa havisikilizani naye. "Mwanzoni niliwaandikia ujumbe kwenye namba yenu ya dharura," aliongeza. "Ulirudi. Namba yenu haisomi."

Dodosa alibadilishana zamu, akaenda karakanani Jumatano iliyofuata, kwa sababu swali la Jumatano bado lilikuwa linamwasha.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Sponji zilikuwa zimerundikwa mpaka darini, nyeupe na njano, na kochi moja kubwa lilikuwa limevuliwa nguo zote, limebaki mifupa na springi. Fundi alikaa kwenye kibao chenye magurudumu madogo, akijisukuma kwa mguu mmoja, akizunguka kochi kama mtu anayeendesha mtumbwi wake mwenyewe. Alikuwa mpana wa mabega, shingo ikimpeleka kichwa upande kila alipotaka kusema. Alimkaribisha kwa sentensi iliyomchukua muda, na Dodosa akafanya kile alichokuwa ameamua njiani kwamba atakifanya: akangoja mpaka mwisho. Aliambulia neno "chai". Lilitosha.

Kwa muda wa birika kuchemka sikio lake lilianza kuzoea. Ilikuwa kama kuingia chumba chenye giza kutoka juani. Vitu vilikuwepo tangu mwanzo, macho tu ndiyo yalikuwa hayajafika. Fundi alimweleza kwamba wateja wapya humpigia kelele kama kiziwi, wakati anamsikia hata panya akijikuna. Wengine humuuliza dada yake bei wakati yeye yupo pale pale, mkononi ana kitambaa chao. Dada alikuwa ndiye mshonaji wa mito na vifuniko, na ndiye aliyekuwa akizungumza na dunia kwa niaba yake tangu wakiwa watoto wa kugombania uji. Kila Jumatano dada huenda kununua vitambaa na kurudi jioni. Ndiyo siku pekee ambayo fundi hubaki peke yake.

Akamweleza na lile lililoanzisha yote. Jumatano moja moshi ulitoka kwa jirani aliyekuwa akichaji simu za watu, kibanda kimefungwa, mwenyewe hayupo. Fundi alipiga simu ya dharura. Wakakata. Akapiga tena, wakakata tena. Aliposimulia hapa alinyoosha kidole kwenye sponji zilizojaa mpaka dari, na Dodosa hakuhitaji kuelezwa sponji na gundi zinavyopenda moto. Mwishowe fundi alijikokota mpaka nje na nyundo yake, akalipiga bati la ghala la saruji mpaka wapakuaji mizigo wakatoka kuja kumgombeza. Wao ndio waliouzima. Kibanda kilipoteza ukuta mmoja na simu za watu, basi. Lakini tangu siku ile fundi alitaka kujua jambo moja tu: akipiga bila haraka, bila moshi, akatamka taratibu kadiri ya uwezo wake, je, yuko mtu upande wa pili atakayemsikia?

Dodosa aliuliza ni nani aliyepokea simu zile za siku ya moto. Fundi hakujua, alisema sauti zao zote zinafanana. Baadaye Dodosa alizitafuta, lakini rekodi za zamani namna hiyo zilikuwa zimeshafutwa, na hakupata kujua kamwe.

Walikuwa bado wanazungumza dada aliporudi, mapema kuliko kawaida, na robota la kitambaa begani. Alimkuta mwanamke mgeni mwenye kitambulisho cha serikali shingoni, na rangi ikamtoka. Alipoelezwa kwamba kaka yake amekuwa akipiga simu ya dharura wiki nenda wiki rudi, hakumgeukia Dodosa. Alimgeukia kaka yake.

"Miaka yote hii mdomo wako ni mimi," alisema. "Nimekushinda wapi mpaka unawapigia watu wa nje kwa siri?"

Fundi alianza kujibu. Dada, kwa mazoea, akageuka kumtafsiria mgeni kabla hata sentensi haijaisha. Fundi akainua mkono kumzuia. Alivuta pumzi, akalisema tena, polepole, akimtazama dada yake machoni, na Dodosa alilisikia lote bila msaada.

"Na siku mdomo ukiwa sokoni?"

Dada aliweka robota chini. Alianza kukikunjua kitambaa, akakikunja tena, hakikuwa na haja ya kukunjuliwa. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama kuna aliyempa mgeni sukari.

Msimamizi wa zamu hakuwa mtu wa kuguswa kwa masimulizi. Alimuuliza Dodosa swali ambalo Dodosa mwenyewe aliliona ni la haki: wakianza kumngoja kila asiyesikika, nani atapokea wanaosikika? Dodosa alisema hajui. Aliomba wamlete fundi wajue. Msimamizi akakubali, kwa masharti kwamba iwe saa za simu chache, na kwamba hakuna mtu atakayepiga hotuba.

Hivyo fundi alikuja. Ngazi za jengo zilikuwa kikwazo cha kwanza. Kituo kizima cha dharura hakikuwa na njia ya mtu asiyepanda ngazi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria kwa sababu hakuna kati yao aliyelihitaji. Wazima moto wawili walimpandisha, na yeye njiani akawapa ushauri kuhusu namna wanavyobeba. Walimweka kwenye chumba cha stoo chenye simu, dada akabaki chini makusudi, na kuanzia hapo akawa anawapigia mmoja mmoja. Leo ana moto. Leo kaanguka. Leo hana kitu, anasalimia tu, wajue tofauti.

Walikuwa wabaya mno mwanzoni. Waliuliza maswali manne kwa pumzi moja. Walipandisha sauti. Bwana Ifuatayo, mwepesi wa ulimi kuliko wote, ndiye aliyeshindwa kuliko wote, maana alimalizia kila sentensi ya fundi kwa kitu alichokibuni yeye. Mara moja fundi alitaka kusema moshi, Bwana Ifuatayo akamtumia mkunga. Fundi alicheka mpaka akalazimika kukata simu, na alipotoka stoo alimwambia jamaa, na Dodosa akarudia kwa wengine: "Unanijibu kabla sijasema."

Pole pole wakajifunza. Swali moja, kisha kimya. Kugonga kama ulimi haufiki. Usijifanye umeelewa, sema hujaelewa, anayepiga hatakufa kwa hilo, atakufa kwa lile jingine. La namba ya kupokea ujumbe wa maandishi lilikwenda kwa wakubwa, likarudi, likaenda tena, na Dodosa akawa anawapigia watu wa kampuni ya simu kuuliza kulikoni mpaka wakawa wanaitambua sauti yake kabla hajajitaja. Siku namba ilipoanza kusoma ujumbe, ujumbe wa kwanza ulitoka nyuma ya ghala la saruji, na ulisema tu: "Nipo salama."

Miezi ikapita. Asubuhi moja Bwana Ifuatayo alipokea simu yenye pumzi tupu na mnong'ono usio na umbo. Dodosa alimwona kidole chake kikienda kwenye kitufe cha kukata, kikasimama hewani. Aliuliza swali moja, akanyamaza. Akamwomba mpigaji agonge. Kule upande wa pili kitu kama kijiko kiligonga kwenye vigae, dhaifu, mara moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzima wa afya jana yake, ameamka na kiharusi, yuko sakafuni jikoni kwake na nusu ya uso wake haimtii. Hakuwahi kuwa mlemavu hata siku moja kabla ya asubuhi hiyo. Kwa swali moja moja na kugonga walipata mtaa wake, na gari la wagonjwa lilimkuta angali hai. Alirudi kufundisha mwaka uliofuata, mdomo ukiwa umeelekea upande kidogo, na wanafunzi wake wakazoea. Bwana Ifuatayo, baada ya simu ile, alivua hedifoni na kwenda kusimama kwenye korido. Aliporudi aliomba maji ya kunywa, akaendelea na kazi. Hakuwahi kulizungumzia.

Fundi bado alipiga Jumatano, ila sasa kwa kifupi zaidi, na aliyepokea alimuuliza habari za kazi. Aliyebadilika zaidi labda alikuwa dada. Rafiki yake wa utotoni alimwalika mji wa mbali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikwenda akalala huko siku kadhaa. Dodosa alisikia kwamba alipiga simu kila saa siku ya kwanza, na ya pili akasahau mpaka jioni. Fundi alimweleza haya kwa sura ya mtu aliyemwachia ndege kutoka mkononi akamwona ameruka vizuri. Lakini aliongeza kuwa wiki ile mito iliyoshonwa na msaidizi ilikuwa aibu tupu, na dada asizoee.

Habari zilienea, na watu wengine wakaanza kuja kituoni na maswali yao. Mmoja wao alikuwa mwanamke kiziwi, mwokaji wa mikate, unga bado kwenye nyusi. Alisimama chini kwenye banda la magari, akaandika kwenye simu yake na kumwonyesha Dodosa. Alishukuru kwa namba ya maandishi. Sasa akitaka kuwaita, anaweza. "Lakini nyinyi mkitaka kuniita mimi, mtafanyaje?" aliandika. "Bwawa lilipojaa na watu wakatakiwa kuhama, gari lenu la matangazo lilipita mtaani kwangu. Nililiona. Nilidhani linatangaza sabuni."

Dodosa alisoma mara mbili. Aliinua macho kulitazama gari lenyewe, lilikuwa limeegeshwa pale pale nyuma yao, jeupe, na vipaza sauti viwili juu. Alikuwa akilipita kila asubuhi ya kazi. Hakukuwa na neno lolote lililoandikwa ubavuni, wala taa, wala rangi ya kumwambia mtu chochote. Alichukua simu ya mwokaji mikate na kumwandikia ukweli, kwamba hajui. Kisha akaandika chini yake: ungependa uambiweje?

Yule mwokaji alivuta kiti cha dereva kilichokuwa kimetolewa kwa matengenezo, akaketi, na kuanza kuandika. Aliandika kwa muda mrefu. Dodosa alijiegemeza kwenye gari, akangoja.